Mkono Begani kwa Aubin

"Huyu haiko bwana yangu," Athanasie akasema, akairudisha ile karatasi ya picha mezani kwa ncha za vidole.

Na tusidanganyane, hakuwa bwana wa mtu yeyote. Macho yalikuwa madoa mawili meusi, mdomo umepanda na kushuka kama ngazi, mashavu yote yamegeuka mirabamiraba. Ukisimama nje barabarani ungesema, ee, yule ni Aubin. Ukiingia ndani, Aubin anaanza kuondoka. Ukifika mezani amekwisha kabisa, zimebaki rangi tupu.

Gauthier, mwenye studio, alikuna kidevu. Kazi yake pale Birere, mjini Goma, ilikuwa kupiga picha na kuzichapa: arusi, komunyo, matanga, mabango ya watu wanaotaka kura. Wateja wakali aliwazoea. Lakini mjane huyu alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba anakupekua mifuko.

"Mama, hii njo foto uliniletea. Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu."

"Bongo! Unadanganya! Angalia." Athanasie akachomoa simu, akamsogezea chini ya pua. Aubin huyo, safi, suti ya kijivu, tai nyekundu, anacheka kwa upande mmoja kama alivyozoea. "Mu simu iko muzuri. Kwako inakuwa mubaya. Katikati kulipita nini? Ao kulipita nani?"

"Nani tena, mama?"

"Weye unajua. Watu wa Bukavu walishafika hapa?"

Maskini Gauthier, hakujua watu wa Bukavu ni kina nani. Nawe msomaji hujui, basi sikiliza. Aubin alikuwa karani, mtoto wa familia ya Kikatoliki ya Bukavu, na alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Athanasie ni mtu wa Rutshuru, wa nyumba ya wakulima wanaosema Kinyarwanda. Miaka yote ya ndoa yao, kwa ukoo wa bwana wake alikuwa na jina moja tu: mwizi wa bwana. Kisa? Mama wa Aubin alikwisha mtafutia mwanawe mchumba kule kwao, binti wa mzee Baharanyi. Wazazi walikuwa wamekaa, pombe imenyweka, maneno yameshikana. Halafu ghafla zikaja habari kwamba Aubin ana bibi Goma, tena ana mimba. Aibu iliyompata yule mama mbele ya Baharanyi hakuimeza mpaka anaingia kaburini, na hakuwahi kumpa Athanasie mkono wa salamu.

Sasa Jumapili ilikuwa misa ya kuondoa kilio. Watu wa Bukavu walikuwa wanakuja kwa boti, na foto ya marehemu ingesimama mbele ya kanisa, halafu nyumbani, kila mtu aione. Athanasie aliitaka kubwa na nzuri. Aliitaka foto ya kuwafunga watu midomo, waone kwamba huyo wanayemwita mwizi alimtunza mtoto wao. Lakini foto hakuwa nayo hata moja. Nyumba yao ya Kibati iliondoka na lava ya volkano na kila kilichokuwa ndani, na Aubin tangu siku ile alitembea na kasimu ka vifungo, na kamera akiiona anageuza uso. Ndipo Athanasie akameza kiburi chake, akamwomba Clotilde, dada wa marehemu. Clotilde akamtumia foto hii kwa WhatsApp. Foto tu. Hata "pole" hakuandika.

Na foto inayokuja bila neno, Athanasie hakuiamini hata kidogo.

Gauthier alipoona kelele haziishi, alitoka mlangoni, akamwomba mama muuza maharagwe wa jirani kiganja kimoja. Akayamimina kwenye kisahani cha chai. Yakajaa mpaka huoni chini.

"Hii kisahani njo simu yako," akasema. "Foto ni vinukta, mama. Maharagwe haya ni vinukta vyake. Kwa kisahani yanatosha, yanakaa karibu karibu, uso unaonekana. Si njo vile?"

Gauthier akayamwaga maharagwe yaleyale kwenye sinia pana, akayatandaza kwa mkono. Sinia ikaonekana kote, punje hapa, punje kule.

"Na hii njo karatasi yako ya kanisa. Mashini haiwezi kuzaa maharagwe, mama. Inachukua kila punje inaivimbisha ili ifunike nafasi. Njo hivi viboksi unaona. Na hii foto ilishapita kwa simu nyingi, kila mara inapitishwa WhatsApp inaipunguza. Niletee ya kwanza, ile ilitoka mu kamera. Ile itakuwa na gunia nzima."

Athanasie alikuwa ameelewa. Ndiyo maana alinuna zaidi. Kama gunia lipo na yeye kapewa kiganja, basi kuna mtu amekalia gunia.

"Na tena," Gauthier akaongeza, na hapo angefunga mdomo wake mambo yangekuwa mengine, "hii ni kipande. Ilikatwa. Foto ya kamera haina umbo nyembamba hivi. Na hapa begani, angalia."

Akaikuza kwenye kompyuta. Juu ya bega la kijivu, pale pembeni kabisa ambapo picha inaishia, kulikuwa na vitu vya kahawia vimelala sambamba.

"Ni kunjo ya koti," Athanasie akasema upesi.

"Koti gani yenye kucha nyekundu?"

Weee! Moyo ulimpiga pa! Akamnyang'anya kipanya, akakuza. Vidole vikawa vinene. Akakuza tena, vikawa matofali. Akakuza mara nyingine, ukabaki ukuta wa kahawia na tofali moja jekundu, na mkono wenyewe hakuna. Kila alipousogelea apate kuujua, uliyeyuka. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa jembe na baadaye wa kuuza unga. Rangi ya kucha ni vitu vya wengine.

"Ni mwanamuke," akasema polepole.

"Mimi sikusema hivyo, mama."

"Macho yangu yanasema."

Alirudi nyumbani hana hamu ya kitu. Bwana wake alikuwa amekufa mara moja, sasa alimwona anaanza kufa mara ya pili, kifo kibaya kuliko cha kwanza. Kwa nini mtu akate foto? Mtu anakata kwa sababu anaficha. Na nani anaficha? Clotilde. Labda wanaye huko Bukavu mwanamke wa Aubin, na watoto juu, na Jumapili watamleta kanisani na kitenge cha mjane, yeye Athanasie akae nyuma na majirani. Mawazo hayo yalimkaa kichwani, akawa anayapika pamoja na sombe.

Clotilde alifika na boti ya Jumamosi asubuhi. Mwanamke mrefu, mkavu, amevaa kitenge cha heshima, ana begi moja ambalo hakutaka kumwachia mtu, hata mwenye nyumba.

"Karibu, wifi. Lete nikubebee."

"Aksanti. Nitalibeba mwenyewe."

Umesikia? Nitalibeba mwenyewe! Athanasie alimkata jicho tangu mlangoni mpaka chumbani. Akampelekea chai, akamkuta ameshika misali, kitabu chake cha misa, na misali ikafungwa pap. Akampelekea maji ya kuoga, misali ikafungwa tena. Mtu anayesali hafungi kitabu kama anafukuza nzi. Athanasie aliingoja sauti ya maji bafuni, akaingia chumbani na miguu ya paka, akaifungua misali.

Aubin huyu hapa. Kadogo, ka karatasi, si kakubwa kuliko kiganja cha mtoto. Suti ya kijivu, tai nyekundu. Na safi! Unaona mpaka vifungo vya shati.

"Unatafuta nini mu misali yangu?"

Clotilde alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, maji yanamtiririka.

"Natafuta bwana yangu," Athanasie akasema. Aibu aliisikia, ndiyo, lakini hasira ilikuwa juu. "Munanitumia ile ya kuharibika ili nichekwe kanisani, ile muzuri munaficha mu kitabu cha Mungu! Na huyu mwanamuke mulimukata ni nani?"

"Mwanamuke gani?"

"Mwenye mukono! Mwenye kucha!"

"Weye umeanza kuchanganyikiwa." Clotilde akampokonya kile kifoto, akakifuta kwa ncha ya kitenge. "Hii ni ya mama. Aubin alitutumia akiwa hapa Goma, tukaichapisha. Njo tulipeleka kwa Baharanyi binti yake amuone muchumba. Hakuna ingine. Ilikuja hivihivi, yeye peke yake. Mama alikufa ikiwa mu misali yake. Nilifungafunga kitabu kwa sababu sikutaka unione nikilia mbele yako."

"Mbele yangu? Kwani mimi niko nani?"

"Unajua uko nani."

Hapo wangeshikana nywele, Mungu anajua. Badala yake Athanasie akasema: "Vaa nguo. Tunaenda kwa mwenye mashini, yeye atasema nani anadanganya." Na Clotilde, ambaye naye alikuwa na moto wake, akavaa. Walipanda pikipiki mbili, kila mmoja na yake, ili nguo zao zisigusane.

Gauthier alipowaona wanaingia, nusura atokee mlango wa nyuma. Aliweka kile kifoto mezani karibu na karatasi kubwa, akashika kioo cha kukuzia, akatazama huku na huku.

"Ni moja," akasema. "Imekatwa pahali pamoja, vidole vilevile, kucha ileile. Hii ndogo ilichapwa foto ikiwa bado na nguvu kidogo, tena vinukta vimebanana, njo maana inapendeza. Ukiikuza itapasuka sawa na ile. Mama, huyu hakuficha nzuri yoyote."

Clotilde alichukua kile kioo, akainama.

"Eh, Maria," akasema kwa sauti ndogo. "Kuna vidole kweli."

Athanasie alimtazama usoni kwa makini yote aliyokuwa nayo, akitafuta uongo. Hakuuona, na hilo likamtia hofu zaidi. Kama si Clotilde aliyekata, nani?

"Na hapa chini kuna maandishi," Gauthier akaendelea. Kwenye kona ya kifoto palibaki mkia wa jina la mpiga picha, ule mhuri ambao wapiga picha wa arusi huweka ili watu wajue kazi ni ya nani: *ogène Photo*. Kwenye karatasi kubwa ulikuwa umeyeyuka zamani, ungedhani ni uchafu. "Huyu ni Théogène wa Majengo. Yule hatupi kitu. Arusi zote za Goma anazo mu madiski yake."

Akampigia, akamtumia picha ya kile kifoto, akaweka simu wazi mezani ili wote wasikie. Théogène alichelewa kidogo, kisha sauti yake nene ikatoka:

"Ah, hii mapambo naijua. Ni arusi ya Habineza, mu sale ya sherehe, kule Himbi."

Athanasie alishika ukingo wa meza.

"Arusi ya Habineza?" akauliza. "Ile nilikuwako! Nilienda na yeye! Ina maana mwanamuke alimushika bega na mimi niko ndani ya sale, nakula?"

Gauthier alikohoa. Clotilde aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza alionekana anamwonea wifi yake huruma, kitu ambacho Athanasie alikichukia kuliko matusi.

"Nitatafuta," Théogène akasema. "Aubin mwenyewe alikuja kuichukua kwa flash, nakumbuka, alikuwa na haraka. Nitume vipi?"

"Kama dokima, faili nzima," Gauthier akamwambia, "isipite kama foto, itapunguzwa."

Wakangoja. Lilikuwa jua kali, muuza maharagwe nje anabishana na mteja, na Athanasie anasali sala ya ajabu: anamwomba Mungu yule mwanamke awe mbaya wa sura. Alikuwa amemwosha Aubin kwa mikono yake miezi yote ya ugonjwa. Kama mikono mingine ilikuwapo, basi nayo ingekuja kuosha.

Simu ikalia. Gauthier akaifungua kwenye kompyuta, na picha ikaanza kushuka kutoka juu: pazia jeupe, mabaluni, nywele za Aubin, paji lake, jicho lake lenye kovu dogo ambalo hakuna foto nyingine iliyolionyesha. Gauthier akakuza na uso ukabaki uso, ngozi ikabaki ngozi. Halafu akausogeza mpaka pembeni, kwenye mkono wenye kucha nyekundu, akaufuata mkono ule hadi kwa mwenye nao.

Alikuwa msichana mwembamba, amesukwa nywele, amevaa gauni la kijani lisilo lake, amemwegemea Aubin kama mtu aliyefika nyumbani.

"Ni nani?" Clotilde akanong'ona, ingawa alikwisha ona.

Athanasie alikuwa anajiona mwenyewe. Kucha! Umurerwa, rafiki yake, alimpaka asubuhi ya arusi ile, akamwazima na gauni; kesho yake alirudi kuosha sufuria rangi ikatoka, akasahau kabisa kwamba iliwahi kuwapo. Na picha yenyewe alikuwa ameiulizia. Alimwuliza Aubin, ile foto yetu iko wapi? Aubin akamjibu: haikutoka, ulifunga macho.

Macho yake, pale kwenye kompyuta, yalikuwa wazi. Yalikuwa wazi kabisa, yanamtazama Aubin.

"Tarehe," Clotilde akasema. "Papa Gauthier, inaonyesha tarehe?"

Inaonyesha, kamera huandika ndani ya foto yenyewe. Mwezi wa nane, mwaka wa elfu mbili kumi na nne. Clotilde akakaa kwenye kiti cha wateja, kile mbele ya pazia la bluu.

"Kwa Baharanyi tulienda Noeli ya mwaka ule," akasema. "Mama alimwandikia: mwanangu uko peke yako, nitumie foto nikutafutie bibi. Akatuma hii. Akakukata, akatuma. Na weye ulikuwa naye tayari." Akajifunika uso. "Miaka yote hii tunakuita mwizi. Mama amekufa anakuita mwizi. Na aliyetuibia ni mutoto wake."

Wewe ungedhani Athanasie angefurahi. Hata yeye alidhani. Jina lake lilikuwa limeoshwa mbele ya dada wa bwana, tena bila yeye kufungua mdomo. Lakini furaha haikuja. Alimjua Aubin alivyomwogopa mama yake. Asingeweza kumwambia, "Nimechukua mtu wa Rutshuru," angekufa kwanza. Hilo alilijua siku zote. Asichokijua ni kwamba alikaa mahali, labda kitandani, labda yeye Athanasie amelala kando yake, akaweka kidole kwenye simu na kuuvuta ule mstari mpaka mke wake akatoka nje ya picha. Mpaka ukabaki mkono, kwa kuwa asingeweza kuutoa bila kukata bega lake mwenyewe.

Gauthier alingoja kwa adabu, halafu kazi ikamrudia.

"Mama, sasa vinukta viko vya kutosha, hata ukitaka mita nzima haitapasuka. Ila iko neno moja. Mutu muzima hawekwe kwa foto ya matanga. Watu watasema unajiita kaburini. Itabidi nikukate." Akavuta mstari kwenye kompyuta. Mstari ukasimama palepale ulipokuwa umesimama wa Aubin. Hapakuwa na pengine pa kusimama.

Athanasie aliutazama. Kisha akageuka, akamtazama Clotilde kwa jicho lilelile la siku zote, jicho la kupekua.

"Weye njo useme," akamwambia. "Nyinyi mulikuwa na foto miaka yote. Sema, anikate ao aniache?"

Clotilde alifuta uso kwa kitenge. Alitazama kompyuta, akatazama kile kifoto cha mama yake, na Athanasie akakaa tayari kusikia neno baya, kwa sababu hakuwa amezoea jingine.

"Muache," Clotilde akasema. "Aonekane yote, na gauni yake. Na mwenye kuogopa kaburi asiangalie. Papa Gauthier, chini uandike na tarehe. Uandike kubwa, mashangazi wote wasome kesho wajue nani alikuwa wa kwanza."

Ndilo neno ambalo Athanasie alilingoja tangu siku ya kwanza ya ndoa yake. Alilisikia lote, mpaka mwisho. Gauthier akaweka vidole kwenye herufi, akaanza kuandika mwezi.

"Apana," Athanasie akasema. "Tarehe futa."

"Lakini mama, njo ushahidi yako!"

"Futa, nasema." Machozi yakaja, mengi, ya hasira na ya mapenzi, na hakujisumbua kuyatenganisha. "Ni bwana yangu. Ile bongo yake ya kunikata tutaigombania siye wawili, mimi na yeye, siku nitamukuta."